Barua ya wazi: Haikuwa shilingi

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali,
Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Nakala kwa Mkuu wa Idara ya Dharura,
Nairobi.

Mabibi na Mabwana waheshimiwa,

MINTARAFU: MTOTO WA MIAKA 2 ALIYEANDIKWA KUWA AMEMEZA SARAFU, KUMBE NI BETRI

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza niliitia kwenye sanduku la maoni lililo kando ya dirisha lenu la dawa. Wiki mbili baadaye nilipita hapo nikalikuta sanduku limejaa mpaka mdomoni, karatasi yangu ikichungulia juu. Ya pili niliipeleka masjala, ikapigwa muhuri. Ya tatu binti yangu aliituma kwa barua pepe, na siku hiyo hiyo tukajibiwa kwamba lalamiko letu "linashughulikiwa". Tangu jibu hilo imepita miezi minne. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu. Jina la hospitali silitaji. Nyinyi mnajijua, na muhuri wenu uko kwenye nakala yangu.

Mimi ni fundi wa saa. Nimekaa kwenye meza yangu karibu na River Road miaka 31, na naanza na kosa langu mwenyewe ili msipate taabu ya kunikumbusha. Jumamosi ile nilienda nyumbani Kayole na rimoti ya gari ya mteja. Niliifungua mezani, nikatoa betri iliyokwisha, nikaiweka kando ya kikombe. Ni ile betri bapa ya mviringo ambayo sisi mafundi tunaiita kwa namba yake, 2032: volti 3, upana milimita 20. Mjukuu wangu, wakati huo wa miaka 2 na miezi 3, alikuwa pale pale miguuni pangu. Nilipoinua kichwa, betri haipo, naye amekunja uso na mate yanamtiririka. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Najua kwa sababu kutazama saa ndiyo kazi yangu.

Jirani, kwa nia njema kabisa, alikuja mbio na tonge la ugali alisukume chini hilo lililokwama. Mama yake mtoto alimzuia. Mtoto alikuwa anapumua na analia, ila hamezi hata mate yake. Tulipanda bodaboda watatu, na saa kumi na mbili na dakika kumi tulikuwa langoni kwenu. Kuanzia hapo ndipo penye malalamiko yangu.

1. Dawati lenu lilituuliza malipo kabla ya kutuuliza kilichomezwa.

Binti wa mapokezi hakuwa na utovu wa adabu, na simtupii yeye lawama. Alikuwa anafuata alichofundishwa: kwanza kitambulisho, kisha namba ya SHA, bima ya afya ya serikali, kisha mtambo ukakwama, kisha tukaambiwa tulipe eksirei kwa M-Pesa au tungoje mtambo urudi. Nilisema "betri" mara tatu nikihesabu. Mara ya tatu niliitoa nyingine mfukoni, mpya, nikaiweka juu ya kaunta: "Mama, amemeza kitu kama hiki." Akaniambia nikae kwenye benchi, kuna watu 14 mbele yetu. Mbele yetu palikuwa na kijana wa kifundo cha mguu kilichoteguka na mzee wa kikohozi. Mungu awaponye wote wawili, lakini hakuna kati yao aliyekuwa anaungua kwa ndani.

Picha ilipigwa saa tatu kasorobo usiku. Kutoka lango hadi picha ni saa mbili na dakika 35.

Hapa niwaeleze kwa nini nazihesabu dakika, maana wengi wanaijua betri kama kitu kinachochoma kikivuja. Hii haihitaji kuvuja. Ikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, nyama mbichi yenye majimaji inaiunganisha upande wa chanya na upande wa hasi kama waya, na umeme unapita. Kwenye upande wa hasi maji yanageuka kuwa magadi makali, ndugu wa kostiki soda mnayozibulia mabomba. Uharibifu unaanza ndani ya dakika 15 hivi, na kidonda kibaya kinaweza kuwa kimeshaundwa katika saa 2. Na msiseme ilikuwa betri iliyokwisha. Betri iliyoshindwa kuwasha rimoti mimi huipima kila siku, na mita yangu mara nyingi husoma zaidi ya volti 2. Kwa rimoti imekufa, kwa koo la mtoto ingali hai.

Baadaye nilinunua kipande cha matumbo buchani, nikakilowesha maji ya chumvi, nikakilaza juu ya 2032 mezani pangu. Kabla sijamaliza kubadilisha mkanda wa saa moja na kula chakula cha mchana, povu lilishatoka na pale chini pamekuwa peusi. Picha zake nilizibana kwenye barua ya pili. Sijui kama masjala walizitazama au walizionea kinyaa.

2. Picha ilisomwa vibaya, na aliyesema hivyo alipuuzwa.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na nitakaa hapa kidogo.

Kijana wa zamu, klinikal ofisa kwa beji yake, aliweka picha kwenye taa akasema, "Ni sarafu. Iko juu kidogo, itashuka itoke na choo. Mpeni ndizi, mrudi asubuhi saa mbili." Akaandika hivyo kwenye faili. Nikamwomba nitazame. Nikaona duara, na ndani ya duara hilo duara la pili, jembamba, kama pete ndani ya pete. Mtu ambaye amefungua betri hizi miaka 31 hahitaji shahada kuijua alama hiyo. Kopo la betri ni pana upande wa chanya, na kifuniko cha upande wa hasi ni kidogo kidogo, kimekaa ndani ya mpira. Ukiipiga picha kutoka mbele unapata duara mbili. Ukiipiga kutoka ubavuni unaona ngazi ukingoni.

Nikamwambia. Akanijibu, na haya ni maneno yake: "Mzee, huenda ni shilingi kumi, ile ya rangi mbili."

Nilikaribia kucheka. Ni kweli kwamba shilingi kumi yetu, ile yenye simba iliyotoka 2018, ina metali mbili, ya ndani na ya nje. Kwa hiyo hata wazo lake halikuwa la kijinga. Lakini ndiyo sababu hasa ya kupiga picha ya pili, ya ubavuni: shilingi ya simba ukiitazama ubavuni ni mstari ulionyooka, haina ngazi. Picha ya ubavuni haikupigwa. Niliiomba, nikaambiwa ile niliyolipia ni moja.

Na kama ingekuwa shilingi, waheshimiwa, na mtoto anameza mate yake vizuri, nisingekuwa na neno. Sarafu kwenye koo la mtoto anayepumua na kumeza vizuri na asiye na maumivu inaweza kuangaliwa saa 12 hata 24, na baadhi hushuka zenyewe. Kanuni aliyoitumia kijana wenu ni kanuni nzuri, ya kitu kingine. Betri nayo ikishafika tumboni mara nyingi hupita salama. Ikikwama kwenye umio haingojwi ishuke, inatolewa usiku huo huo. Umio una sehemu nyembamba tatu: juu kabisa nyuma ya kikoromeo, katikati unapopita karibu na mshipa mkuu wa damu, na chini kabla ya tumbo. Hii ilikuwa imekwama pa kwanza, na ilionekana wazi kwenye picha yenu wenyewe.

Nilipoendelea kusema, nesi mmoja aliniambia kwa upole, "Mzee, tuachie kazi yetu." Nilimwachia. Nalijutia hilo kuliko hata ile betri kando ya kikombe.

3. Hatukuelekezwa popote.

Kama hamna daktari wa koo usiku wala mashine ya kamera ya kuingiza umioni, si dhambi. Hospitali nyingi za jiji hili hazina. Lakini hakuna aliyepiga simu kuuliza hospitali nyingine, hakuna aliyeandika barua ya rufaa, hakuna aliyetaja ambulensi. Tulirudi Kayole na ndizi.

Saa sita usiku mtoto alitapika ute wenye michirizi ya damu. Tulitafuta teksi, tukaenda hospitali nyingine. Daktari wa pale aliitazama picha ile ile kwenye simu ya binti yangu, maana kwa bahati alikuwa ameipiga ikiwa kwenye taa, na kabla hajakaa chini akauliza, "Nani aliwaambia hii ni sarafu?" Mtoto alipewa nusukaputi, na betri ikatolewa saa tisa kasoro dakika kumi usiku. Kutoka kumezwa hadi kutolewa, saa 9 na dakika 20. Saa 8 na dakika 40 kati ya hizo zinaanzia langoni kwenu.

Daktari huyo ndiye aliyenifundisha jambo ambalo lingeweza kuandikwa ukutani kwenu badala ya lile tangazo la maegesho. Mtoto aliyetimiza mwaka 1, akiwa anaweza kumeza na hazijapita saa 12, apewe asali vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10, visizidi vipimo sita, wakati mko njiani kwenda hospitali. Asali haiitoi betri wala haiponyi. Inaifunika na kupunguza makali ya yale magadi mpaka daktari afike. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe asali kabisa. Asitapishwe, asipewe ugali wala ndizi, na wala msichelewe kuondoka kwa sababu mnatafuta asali. Nyumbani kwangu asali ilikuwako, chupa nzima ya kutoka Kitui.

4. Madhara hayakuishia siku betri ilipotoka.

Wenu mmoja, ambaye sitamtaja, alimwambia binti yangu kwenye simu kwamba "si betri ilitolewa, na mtoto ni mzima?" Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu kovu lake ni la ndani.

Siku za kwanza alilishwa kwa mpira wa puani. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya kukwaruza, kwa sababu mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti inapita pale pale umio ulipoungua. Hata leo akiniita "babu" ni kama mtu anayenong'ona kutoka chumba kingine. Kisha, alipokuwa anakula vizuri na sisi tumeanza kusahau, kovu likaanza kujikaza na umio ukawa mwembamba. Uji unapita, chapati haipiti. Ameshapanuliwa umio mara 4, kila mara kwa nusukaputi, kila mara mama yake akikosa kazi siku mbili au tatu.

Na tuna bahati. Daktari alitueleza yale ambayo yangeweza kutokea: umio kutoboka na uchafu kumwagika kifuani, tundu kati ya umio na bomba la hewa, maziwa yakaingia mapafuni, na baya kuliko yote, kidonda kula hadi kwenye mshipa mkuu wa damu. Hilo la mwisho laweza kutokea siku nyingi baada ya betri kutolewa, hata wiki kadhaa. Alituambia: akitapika damu, hata kijiko kimoja, msingoje asubuhi. Wiki zile tulilala kwa zamu, mimi na mama yake, taa ikiwaka.

Yeye alituambia. Je, wale wazazi wengine mliowaambia "rudini asubuhi", ambao hawakuwa na babu fundi saa, nani aliwaambia?

5. Faili.

Niliomba nakala ya faili na picha. Nikaambiwa haionekani. Mara ya pili nikaambiwa ionekane kwa idhini ya bodi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake mwenyewe, na za mtoto huombwa na mzazi wake. Mzazi aliomba. Sina la kuongeza.

Najua mtakayosema, maana mengine nimeshaambiwa kwa mdomo.

Mtasema babu ndiye aliyeacha betri mezani. Ni kweli, nimeandika hivyo juu, na sasa betri zangu zilizokwisha nazifunga kwa selotepu pande zote mbili na kuziweka kwenye kopo lenye kifuniko cha kuzungusha. Kosa langu lilimfikisha mtoto langoni kwenu. Halikumsomea picha.

Mtasema wagonjwa ni wengi na wafanyakazi ni wachache. Nimewaona. Yule kijana wa zamu alikuwa na macho mekundu, na nadhani hakuwa amekula. Lakini kupanga foleni kwa kuuliza "kilichomezwa ni nini?" hakuhitaji mfanyakazi mpya. Ni swali la maneno mawili matatu, tena bure.

Mtasema mtambo wa malipo si wenu. Basi someni Katiba, kifungu cha 43(2): mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Na Sheria ya Afya ya 2017 inaiweka hospitali yenye uwezo isiyotoa matibabu hayo kwenye faini inayoweza kufika shilingi milioni 3. Jiji hili bado linakumbuka mwaka 2015, majeruhi alipokaa saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa kutafuta kitanda, kisha akafa. Tulisema kamwe lisitokee tena. Tulisema kwa sauti kubwa.

Na mtasema tatizo ni vifaa vyenyewe vinavyouzwa kiholela, rimoti na midoli ya taa ambayo mtoto anafungua kwa kucha. Hapo tunakubaliana. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022, na mwaka huo huo masharti ya lazima yakaanza kutumika Australia, ili mtoto asiweze kufungua chumba cha betri hizi, na huku kwetu midoli ninayoletewa mezani mingi haina hata skrubu. Hilo nitawaandikia wanaohusika, kwa barua yake. Leo nazungumza na nyinyi.

Ninachoomba ni hiki. Mtoto yeyote anayeletwa kwa kushukiwa amemeza betri, au kitu cha mviringo ambacho hakuna aliyekiona, aingizwe ndani moja kwa moja kabla ya kitambulisho na kabla ya malipo. Apigwe picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, kwa malipo ya moja kama lazima yawepo malipo. Usiku usipokuwa na daktari wa kuisoma, picha itumwe kwa simu kwa anayejua. Simu hizo mnazo, nimewaona nazo. Mkiwa hamna kamera ya umio, mtoto apelekwe kwa ambulensi yenu huku hospitali inayompokea ikiwa imeshapigiwa. Mzazi anapoondoka apewe karatasi moja ya Kiswahili inayosema dalili za kurudi nazo mbio: damu, homa, maumivu ya kifua, kukohoa anapokunywa, kukataa chakula.

Kwa familia yangu naomba faili, picha ya eksirei, na mkutano mmoja ambao mkuu wa idara ya dharura atakuwapo mwenyewe. Siombi kijana yule afukuzwe. Naomba afundishwe, na aliyemwacha peke yake usiku wa Jumamosi ajieleze. Nikikosa jibu la maandishi ndani ya siku 21, lalamiko hili na nakala za barua zote nne zitafika kwenye Baraza la Madaktari.

Nitaichukua pia saa ya ukutani iliyo juu ya dawati lenu la mapokezi, mkiniruhusu kuiteremsha. Usiku ule ilikuwa nyuma kwa dakika 25. Nitaitengeneza bila malipo.

Wenu kwa heshima,

Babu wa mtoto aliyeandikwa "sarafu",
Fundi wa saa,
Nairobi.